Kahawa Niliyompa Koku Njiani

Katika kitongoji chetu huku Ihanda, mimi ndiye mama pekee mwenye cheti cha kidato cha nne kilichopatikana baada ya kuzaa watoto watatu. Nilikipata kwa masomo ya jioni pale mjini Kayanga, miaka minne mizima, nikienda kwa baiskeli na kurudi kwa miguu, maana ile baiskeli ilikuwa na tabia ya kupasuka tairi kila ikiniona nimechoka. Baiolojia nilipata C. Wapo watakaosema C ni C tu. Mimi nilipoipata nilitembea mjini siku tatu kama mtu aliyegundua dawa ya malaria. Tangu hapo majirani wananiita Profesa, na mtu akiumwa tumbo, kabla hajafika zahanati anapitia kwangu kwanza kusikia Profesa anasemaje.

Sianzi na cheti ili nijivune, ingawa najivuna. Naanza nacho kwa sababu kidogo kimponze mwanangu. Ninaandika sasa kwa kuwa siku mbaya zaidi zimepita, na kwa kuwa najua yuko mzazi ambaye leo hii amekaa kwenye benchi la hospitali, kanga ina damu, hajui akae au asimame. Mama, au baba, kaa. Sitakueleza ubongo umeumbwaje, hayo yana wenyewe. Nitakueleza tulivyosubiri, na jambo moja nililolifanya barabarani ambalo nisingependa ulifanye.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa sita, kama saa tatu asubuhi. Kahawa zilikuwa zimeiva zote kwa mpigo, utadhani zimepigiana simu. Mimi na Baba Koku tulikuwa tunachuma upande wa chini wa kibanja, shamba letu la nyumbani. Koku, binti yetu wa miaka minane, tulimwacha uani aanike kahawa kwenye mkeka. Kuanika kahawa ni kazi ya dakika kumi. Dakika ya kumi na moja alikuwa juu ya mparachichi.

Mti wenyewe ni mrefu hivi kwamba naamini wenzetu wa Rwanda wanauona wakifungua madirisha. Na tawi la mparachichi kila mtu analijua, linakatika bila kukuaga. Nilisikia "kwaa!" halafu kimya, halafu kitu kizito. Nilitupa kapu.

Nilimkuta amelala chali kando ya mawe tunayofulia nguo. Macho yalikuwa wazi lakini hayaniangalii. Juu ya sikio la kushoto palikuwa pamechanika, damu inaingia kwenye nywele. Paja la kulia lilikuwa na kona mahali ambapo Mungu hakuweka kona.

"Koku! Koku wangu!"

Hakuitika. Nikapiga yowe. Yowe lile nadhani hata wilaya jirani ya Kyerwa waliacha majembe. Watu walikuja mia nane kwa hesabu yangu, kumi na wanne kwa hesabu ya mume wangu, na kila mmoja alikuja na ushauri wake mkononi.

Mama mkwe wangu alikuwa wa kwanza. "Mawe!" akalia, yaani mama wee. "Mtoto wangu! Apelekwe Kituntu, kwa yule mzee anayeunga mifupa. Mkono wangu huu aliuunga yeye."

"Mama," Baba Koku akamwambia, "na kichwa nacho atakiunga?"

Kijana wa bodaboda alikuwa ameshawasha pikipiki. "Mama Koku, mpakate katikati yetu, mimi naendesha, dakika ishirini tuko Kayanga."

Mimi nilikuwa nimeshainama kumwinua. Ndipo aliponishika bega Mzee Melkiori. Huyu ni jirani yetu, alikuja kutoka Burundi akiwa kijana, amelima mashamba ya watu hapa mpaka akapata lake. Si mtu wa maneno mengi.

"Mtoto huyu hakai," alisema. "Mtoto huyu analala. Leteni mlango."

Tukadhani amechanganyikiwa. Akaenda mwenyewe jikoni kwetu, akaung'oa mlango wa mbao kwenye bawaba, akauleta na kuulaza chini. Akapiga magoti kichwani kwa Koku, akakishika kichwa chake kwa mikono miwili kama mtu anayebeba beseni lililojaa maji, akatuambia tumsogeze juu ya mlango sote kwa pamoja, bila kukunja shingo, bila kuvuta mguu. "Buhoro, buhoro," alikuwa anasema, yaani taratibu. Kati ya mapaja akaweka nguo zilizokunjwa, akaufunga mguu uliovunjika kwenye mguu mzima kwa kanga zangu mbili za akiba. Baadaye hospitalini daktari alipoona alisema hata yeye hangetafuta njia nyingine kwa vitu tulivyokuwa navyo uani.

Bahati ilikuwepo pikapu iliyokuja kupakia ndizi kwa jirani. Ndizi zikashushwa, mlango ukapandishwa, na sisi kando yake: mimi, Baba Koku na Mzee Melkiori ambaye hakuachia kile kichwa mpaka hospitali ya Kayanga, gari likitambaa kama kinyonga.

Njiani Koku akazinduka. Akalia, akaniita, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Lakini mbele kidogo macho yakaanza kulegea. Anafumba, anafumbua, anafumba. Na wewe unajua tunavyoambiwa tangu utoto: aliyepigwa kichwa asilale, akilala ndiyo basi.

"Asilale!" Baba Koku akapiga kelele. "Mama Koku, asilale huyo!"

Nikamwimbia. Nikampigapiga mashavu. Nikamuuliza jedwali la mara mbili. Macho yanafunga tu. Ndipo elimu yangu ilipoamka.

Kwetu mgeni akifika anapewa kahawa ya kutafuna, zile punje zilizochemshwa na kukaushwa na maganda yake, tunaziita akamwani. Mimi hutembea nazo kwenye pindo la kanga. Ndizo zilizonivusha masomo ya jioni. Wenzangu walikuwa wanalala juu ya madaftari kama maboga, mimi natafuna, macho kodo hadi mwalimu mwenyewe anaomba tumalize. Na kwenye baiolojia tulisoma kwamba kahawa inaamsha mwili. Basi nikafungua pindo. Nikatafuna punje za kujaa ngumi mpaka zikalainika, nikamtia Koku mdomoni kidogo kidogo kwa kidole, kama tunavyomlainishia mtoto mchanga.

"Mama Koku," Mzee Melkiori akasema polepole, "mtoto anayesinzia hapewi kitu mdomoni."

"Mzee, hii ni sayansi."

Koku akameza. Baada ya muda macho yakafunguka, makubwa, yanang'aa. Nikamtazama Mzee Melkiori kama mtu aliyeshinda kesi mahakama ya rufaa.

Tulifika hospitali kama saa tano. Tulivyoingia na mlango wetu, nesi aliyekuwa zamu aliuliza, "Na huu mlango mnauleta wa nini tena?" Alipoona aliye juu yake hakuuliza zaidi. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi kuliko upepo, asili yake Mbeya. Akaita daktari, kijana tu, umri wa kuwa mdogo wangu wa mwisho.

Nilidhani wataukimbilia mguu, maana ndio uliokuwa unatisha. Hawakuukimbilia. Walianza na pumzi, wakaenda shingo, wakaenda macho. Daktari alimmulika tochi jicho moja, kisha lingine. Alimfinya. Alimwambia amshike vidole. Mimi nimesimama pembeni na mikono mirefu isiyo na kazi. Sijui kama umewahi kuona mikono yako inakuwa mirefu hivyo. Mikono iliyomwogesha, iliyomsuka, na sasa ukiisogeza unaambiwa "mama, kidogo nyuma."

Kwenye kitanda cha pili mama mwingine alikuwa anapewa maneno yake na yule nesi. Mwanawe alikuwa amevunjika mkono, naye akamnywesha maziwa, kumbe ilikuwa alazwe usingizi wa dawa, na sasa lazima wasubiri tumbo liwe tupu. "Mtoto aliyeumia hapewi kitu mpaka sisi tumwone!" nesi alikuwa anasema. "Hata maji! Mnatusikia lakini?" Yule mama ameinamisha kichwa hadi magotini.

Wakati huohuo daktari akanigeukia. "Mama, amekula nini leo?"

Nami, mwenye C ya baiolojia, nikasema, "Uji tu, Daktari. Asubuhi."

Mzee Melkiori alikuwa amesimama na mlango wetu begani. Alitazama sakafu. Hakunichongea. Mpaka leo sijui kama nimshukuru kwa hilo.

Walimwekea dripu, wakampa dawa ya maumivu. Kidonda cha kichwa wakakisafisha na kukishona, nywele za upande mmoja zikanyolewa. Picha ya eksirei ilionyesha fupa la paja limekatika katikati na vipande vimepandana. "Mguu utapona," daktari alisema. "Mguu una haraka ya kuonekana lakini unaweza kusubiri. Kichwa ndicho tunachokiangalia." Akatundika karatasi miguuni pa kitanda. Kila robo saa nesi anakuja, anamulika macho, anahesabu mapigo, anamwuliza jina, anaandika.

Baba Koku alikuwa anatembea kutoka mlangoni hadi dirishani. Kwa hesabu yangu alitembea kilomita mia moja na kumi.

Ilipofika saa saba Koku akaanza kutetemeka. Kwanza vidole, halafu mikono yote. Akawa hatulii, anageuka huku na huku, na kila akigeuka paja lile linamkata anapiga kelele. Akatapika. Akatapika tena. Nesi akahesabu mapigo, akahesabu upya, akatoka karibu akikimbia.

Daktari alirudi pamoja naye. Alipima kila kitu upya. Kisha akatuita pembeni mimi na mume wangu.

"Moyo unamwenda mbio na ametapika mara mbili," alisema. "Inawezekana damu inavuja ndani ya paja. Inawezekana kuna kitu kinaanza kichwani. Hapa hatuna mashine ya kuona ndani ya ubongo. Nafikiria kumpeleka kwenye hospitali iliyo nayo, lakini ni saa nyingi barabarani, na mtoto anarushwarusha mguu namna ile. Akienda anaweza kuharibika njiani. Akibaki anaweza kuharibikia hapa. Nimeomba gari liandaliwe. Kinachonisumbua sijui ni nini kinachomtetemesha."

Mimi nilijua. Au nilidhani najua. Nilikuwa nimeshika pindo la kanga na ndani yake zimebaki punje mbili. Nilitetemeka hivyohivyo jioni yangu ya kwanza darasani nilipozitafuna kupita kiasi, nikatapika nje ya dirisha la darasa mbele ya watu wazima thelathini. Ila mimi nilikuwa mtu mzima wa kilo themanini.

Nataka ujue kwamba neno halikunitoka mara moja. Nilisimama. Nilisikia gari linawashwa nje. Niliona uso wa yule mama wa maziwa. Niliwaza, watasema hata Profesa? Mwanangu anatetemeka kitandani na mimi nawaza watasema nini. Ukiwa kwenye benchi na una kitu hujakisema, ujue si wewe wa kwanza.

"Daktari."

"Naam, mama."

"Nilimpa kahawa."

"Ya kunywa?"

"Ya kutafuna. Nilimtafunia. Asilale."

"Kiasi gani?"

Nikafungua pindo, nikamwonyesha ngumi yangu. "Hivi."

Baba Koku aliniangalia. Katika ndoa yetu yote hajawahi kuniita lile jina la majirani, huniita Mama Koku au, akiwa na furaha, huniita kwa jina langu la usichana. Siku ile alisema neno moja tu.

"Profesa."

Akatoka nje.

Daktari aliandika. Aliniuliza saa, nikamwambia. "Asante kwa kuniambia," alisema, bila hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa na hasira. "Ningekushukuru zaidi saa tano. Unajua angepaliwa? Mtoto anayesinzia akipaliwa barabarani, hakuna wa kumwokoa."

"Kwa hiyo ni kahawa? Si kichwa?"

"Mama, sijui. Nikisema yote ni kahawa na kumbe ni damu, nitakuwa nimekaa namwangalia anakufa. Nikisema yote ni damu na kumbe ni kahawa, namrusha barabarani na fupa lililokatika bila sababu. Gari litabaki limewashwa. Mimi sitoki hapa. Mboni za macho zikibadilika tu, tunaondoka."

Nilidhani nikishasema ukweli kutakuwa na nafuu. Haikuwa hivyo. Ukweli wangu ulikuwa umemsaidia daktari asiondoke kwa pupa, basi. Haukuutoa ule mtetemo mwilini mwa mwanangu. Tukakaa. Gari linanguruma nje ya dirisha. Daktari anamulika. Nesi anahesabu. Nilisali sala zote ninazozijua, na nilipoishiwa nikasali hata zile za Walutheri majirani zetu, maana sisi ni Wakatoliki, nikasema Mungu atachagua.

Saa tisa moyo bado unakimbia. Saa tisa na nusu vilevile. Saa kumi nesi akasema, "Umepungua kidogo." Hakuna aliyefurahi kwa sauti. Saa kumi na moja mikono ikatulia. Nje gari likazimwa, na nilisikia ukimya wake kuliko nilivyosikia ngurumo yake.

Halafu Koku akafumba macho. Niliruka.

"Koku! Usilale! Koku!"

Nesi akanidaka mkono. "Mama, mwache alale."

"Lakini kichwa..."

"Nani kakwambia? Kumzuia usingizi si dawa. Hapa yeye analala, wasiolala ni sisi. Tutamwamsha tumwone, halafu tutamwacha alale tena. Hiyo ndiyo kazi tuliyosomea. Kaa."

Nikakaa. Kumtazama mtoto wako analala huku moyo wako wote unakuambia usingizi ndio kifo, sina namna ya kukutilia chumvi hapa. Ilikuwa hivyo ilivyokuwa.

Alipomwamsha, akamwuliza jina, Koku alijibu maneno mengi kwa Kinyambo, lugha yetu. Nesi akanigeukia, kalamu juu. "Anasemaje?"

"Anasema mikono yako ina baridi, na anataka kujua wewe ni nani na kwa nini unamwuliza mambo anayoyajua."

Nesi alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Basi nitaandika anaongea vizuri."

Ungeniona nacheka naye ungefikiri yameisha. Kumbe tulikuwa tumeanza.

Mguu ulivutwa wiki sita. Nakueleza ili ukiliona usizimie: wanabandika plasta ndefu pembeni mwa mguu, kamba inapita kwenye kapi mwisho wa kitanda, na chini unaning'inia mfuko mzito wa mchanga. Kitanda chenyewe upande wa miguu kinainuliwa juu ya matofali. Mtoto analala kichwa chini kidogo, wiki sita, haketi, hageuki. Anakula amelala. Haja zote amelala. Koku aliyekuwa hakai kwenye kigoda dakika mbili.

Wiki ya kwanza hakujua siku wala mahali. Aliniita kwa jina la bibi yake. Mwanga ulimuuma, tukatundika kanga dirishani. Wiki ya pili alianza kunijua, lakini alikuwa mpole. Upole ule ndio ulionitisha kuliko damu. "Ndiyo, mama." "Sawa, mama." Mtoto wangu hajawahi kusema sawa tangu alipojifunza kuongea. Nilikuwa nikimtazama natafuta aliyekuwemo ndani.

Kisigino kilianza kuwa chekundu. Nesi alinifundisha kukiinua kwa kitambaa kilichokunjwa na kumpaka mafuta mgongoni mara tatu kwa siku. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza kupewa. Nilipaka mafuta yale kama mtu anayeng'arisha altare.

Baba Koku alikuja kila Jumapili. Analeta ndizi zilizopikwa na maharage, anakaa upande wa pili wa kitanda, anaongea na Koku. Kwangu anasema, "Umekula?" Nasema, "Nimekula." Basi. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa maji ya kahawa, na nilijua anachuma peke yake safu zote zile. Nilitamani anitukane tumalize. Hakunitukana. Alikuwa anaongea na mimi kama mtu anavyoongea na karani.

Mama mkwe alikuja wiki ya tatu. Habari alikuwa ameshazisikia, Ihanda nzima ilikuwa imezisikia, hadi mbuzi. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mama." Akaitika, "Marahaba," akakaa chini kwenye mkeka wangu, akavua viatu. Nikaanza kukunja nguo ambazo nilishazikunja.

"Ile kahawa," alisema mwishowe.

"Nisamehe, Mama."

"Mwana wange, nami ningempa. Tena ningempa nyingi zaidi." Akatazama ule mfuko wa mchanga unaoning'inia. "Na ningempeleka Kituntu. Tungekuwa tunaongea mengine sasa."

Akalala usiku ule kwenye mkeka, mimi akaniambia nijibanze pembeni mwa kitanda cha Koku nipumzishe mgongo. Sikuwa nimelala vizuri kwa siku ishirini. Nililala kama gogo, wanasema nilikoroma mpaka wagonjwa wa wodi nyingine wakalalamika.

Walipofungua kamba, mwezi wa nane, mguu uliotoka ulikuwa mwembamba kama mpini wa jembe, ngozi inabanduka kama ganda la kitunguu, goti limesahau kazi. Wakampa magongo. Siku ya kwanza alisimama akazirai. Siku ya pili alisimama akatapika. Siku ya nne alipiga hatua tatu, na wodi nzima ikapiga makofi, naye akatutazama kama watu wasio na kazi za kufanya.

Tulirudi nyumbani mvua za mwezi wa tisa zinaanza. Mlango wa jikoni ulikuwa umerudishwa mahali pake. Shuleni walimrudisha darasa la pili. Kusoma anasoma, ila anafika katikati ya mstari anasimama, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Kelele zikizidi anaziba masikio. Usiku kichwa kinamuuma. Kuna siku anacheka na wenzake nasahau kila kitu, na kuna siku ananiuliza jambo lilelile mara nne, namjibu mara nne, halafu naenda nyuma ya nyumba. Baba Koku alinikuta huko siku moja. Alisimama karibu nami, bega kwa bega, tukawa tunatazama migomba. Alipoondoka alisema, "Mama Koku, chai inapoa."

Kliniki ya mwisho ya mwaka ilikuwa wiki moja kabla ya Krismasi. Daktari aliupima mguu, mmoja ni mfupi kuliko mwenzake kwa upana wa kidole, akasema mwili wa mtoto unaweza kulisawazisha hilo kadiri anavyokua. Akamwuliza Koku mambo mengi, hesabu, majina ya siku, akamwambia asimame kwa mguu mmoja. Kisha nikamwomba Koku atoke nje kidogo.

"Daktari, nina swali moja. Hii ya kusahau. Ni kichwa kilivyopigwa, au ni ile kahawa? Au ni kwa sababu nilichelewa kusema?"

Aliweka kalamu chini. Nilimwona anatafuta neno la kunipa.

"Sijui, mama," alisema. "Kwa kadiri ninavyojua ni pigo la kichwa. Kahawa ilitusumbua sisi siku ile, ikatuchanganya. Lakini ukiniambia niape, siapi. Na kama itaisha yote au itabaki kidogo, hilo pia sijui. Muda utatuonyesha."

Nikamshukuru. Nilikuwa nimesubiri miezi sita kusikia "si wewe," na nikapewa "sijui." Nimeichukua. Nakuandikia wewe uliye kwenye benchi ili ujue kwamba wakati mwingine ndicho kinachopatikana, hata kwa daktari mwema. Mlaze mtoto chali kwenye kitu kigumu. Shika kichwa. Usimpe kitu. Na ukiwa umempa, sema, sema kabla hujaulizwa. Mengine hayamo mikononi mwako, na hili nakuambia kwa kuwa mimi nilibisha sana kabla ya kulikubali.

Tulitoka hospitali tukaelekea stendi ya Kayanga. Siku ya soko, pikipiki zinapita kama nyuki waliochokozwa, watu na mikungu ya ndizi na mabati kichwani. Koku alikuwa ameshaacha magongo. Anatembea kwa namna yake, bega moja linashuka kidogo kila hatua. Nikamshika mkono tuvuke.

Tukavuka. Upande wa pili akasimama.

"Mama, niachie mkono."

"Pikipiki nyingi hapa, Koku."

"Tumeshavuka. Unaniumiza."

Nikatazama chini. Vidole vyake vilikuwa vimepauka ndani ya kiganja changu, na kucha zangu zimeacha alama nne kwenye ngozi yake. Sijui nilikuwa nimemshika hivyo tangu wapi. Nikajaribu kufungua mkono, ukakataa. Ikabidi niufungue kwa mkono wangu wa pili, kidole kimoja kimoja.